Santuri za Zamani: Bei ya Mkusanyaji na Thamani kwa Mwalimu wa Kiswahili

Nyumbani kuna sanduku la santuri aliloliacha mzee. Je, ni mali au ni takataka? Swali hili huulizwa mara nyingi kuliko mtu anavyoweza kudhani. Hata mwanafunzi anayetoka Nyamugari, iwe ile ya Gitega au ile ya Muyinga, amewahi kusikia kwamba huko Ulaya na Marekani wapo watu wanaonunua santuri moja kuukuu kwa fedha ambazo hapa zingenunua mbuzi, na pengine ng'ombe. Habari hiyo ina ukweli, lakini haikukamilika. Katika makala haya tutaeleza bei hiyo inatokana na nini, na kwa nini santuri moja huuzwa kwa bei ya chupa ya soda ilhali nyingine inafikia mshahara wa mwezi. Aidha, tutaeleza kwa nini sisi walimu na wanafunzi wa Kiswahili tuna sababu zetu za kuzitafuta, ambazo si sababu za mkusanyaji. Sababu hizo mbili hugongana mara kwa mara, na zikigongana, mwenye pesa ndiye anayeondoka na santuri.

Tuanze na neno lenyewe. Santur ni ala ya nyuzi ya Uajemi na nchi za Kiarabu, inayopigwa kwa vijiti viwili vidogo. Kiswahili kililipokea jina hilo na kulipa maana mpya: chombo cha kuchezeshea muziki uliorekodiwa, na sahani inayochezeshwa juu yake. Ndiyo maana wengine bado husema "sahani ya santuri" ili kutenganisha vitu hivyo viwili. Wengine huiita mashine gramafoni na kuliacha neno santuri liwe la sahani peke yake. Wenzetu wa Kenya husema rekodi, na waliosoma Kifaransa husema disiki. Humu tutatumia santuri kwa maana ya sahani.

Santuri ziko za aina tatu kubwa, na anayetaka kujua thamani ni lazima kwanza azitofautishe. Ya kwanza ni ile ya kale kabisa, inayozunguka mara 78 kwa dakika. Hii ni nzito, ngumu na huvunjika kama kigae ikianguka, kwa sababu imetengenezwa kwa mchanganyiko wenye shelaki, yaani utomvu unaotokana na wadudu wa miti ya India na nchi jirani. Kila upande huchukua wimbo wa dakika tatu hivi. Ya pili ni ndogo, ya plastiki ya vinili, inayozunguka mara 45. Ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1949, na katika Afrika Mashariki ndiyo iliyotawala miaka ya 1960 na 1970. Wimbo mrefu wa dansi haukuenea upande mmja wa santuri hii, hivyo ulikatwa: sehemu ya kwanza huku, sehemu ya pili kule. Ya tatu ni sahani kubwa ya LP, inayozunguka mara 33 na theluthi, iliyoanza kuuzwa mwaka 1948. Hii hubeba nyimbo nyingi na huja na jalada lenye picha na maelezo.

Kosa la kwanza la wauzaji wengi ni kudhani kwamba umri ndio bei. Sivyo. Santuri za Jim Reeves, yule Mmarekani aliyependwa mno katika Afrika Mashariki, zimezidi nusu karne, na bado ni rahisi kupatikana. Zilichapwa nyingi, zikanunuliwa nyingi, na nyingi zimebaki. Mnunuzi wa Ulaya hatapanda ndege kwa ajili yake. Kwa upande mwingine, mwaka 1965 kampuni ya Motown ya Marekani ilichapa santuri ya Frank Wilson yenye wimbo "Do I Love You (Indeed I Do)", kisha ikaghairi kuiuza na nakala zikaharibiwa. Zilizosalimika ni chache mno. Mwaka 2009 moja iliuzwa kwa pauni 25,742 za Uingereza. Wanamuziki wawili wa nchi moja na zama zilezile: mmoja alisikika duniani kote na santuri yake haina bei, mwingine hakusikika kabisa na santuri yake ni sawa na nyumba ndogo.

Kinachozaa bei ni mambo matatu yakikutana: uchache wa nakala, wingi wa wanaoitaka, na hali ya nakala yenyewe. Likikosekana moja, mengine mawili hayasaidii sana. Santuri ya mahubiri yaliyorekodiwa katika lugha ya tarafa moja yaweza kuwa ya pekee duniani, lakini kama hakuna anayeitafuta, sokoni haina bei. Hapo mwalimu wa lugha aangalie kwa makini, maana kile ambacho soko linakidharau chaweza kuwa ndicho anachokihitaji.

Mfano mzuri kwetu ni wimbo "Malaika". Fadhili William wa Kenya aliurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na toleo lililotoka Equator Sound Studios ndilo lililoenea. (Nani aliyeutunga ni mgogoro mwingine, wapo wanaomtaja Adam Salim wa Tanganyika, na shauri hilo halijaisha hadi leo.) Mwaka 1965 Miriam Makeba na Harry Belafonte waliuweka katika LP yao ya pamoja, na mwaka 1981 kundi la Boney M. likautoa tena. Nyimbo tatu, jina moja. LP ya Makeba na Belafonte iliuzwa sana na ikapata tuzo ya Grammy, kwa hiyo nakala zake zimejaa madukani Marekani na Ulaya na bei yake ni ndogo. Santuri ya Boney M. ni vivyo hivyo. Ile ndogo yenye lebo ya Nairobi ndiyo inayotafutwa, kwa kuwa ilichapwa kwa ajili ya soko la hapa na ikachezwa hadi ikachakaa. Mkusanyaji anaishia hapo. Mwalimu anaweza kuendelea: achezeshe matoleo hayo mbele ya darasa la matamshi na kuwauliza wanafunzi ni mwimbaji gani aliyezaliwa ndani ya Kiswahili na ni yupi aliyefundishwa maneno bila lugha. Watajibu kabla beti la kwanza halijaisha. Kisha waeleze wamejuaje, na hapo somo la silabi, mkazo na mpaka wa neno limeanza lenyewe.

Ili kuelewa kwa nini santuri za Kiswahili zilizo safi ni adimu, inafaa tujue zilivyotengenezwa. Mwanzo wake si Nairobi wala Dar es Salaam bali Bombay. Mwaka 1928 kampuni ya HMV, ile yenye picha ya mbwa anayesikiliza gramafoni, iliwachukua Siti binti Saad na wenzake kutoka Unguja hadi India, wakarekodi huko. Santuri zao zilipata wanunuzi wengi pwani na bara, na kampuni nyingine kama Columbia na Odeon zikafuata mkondo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia biashara ikahamia huku. Mombasa kulikuwa na Assanand & Sons na lebo yao ya Mzuri, iliyotoa taarabu na dansi; Kericho kulikuwa na Chandarana; Nairobi kulikuwa na Jambo, Equator, African Gramophone Stores na baadaye matawi ya kampuni kubwa za Ulaya. Nairobi ndiko kulikokuwa na viwanda vya kuchapa, na kwa hiyo ndiko walikokwenda hata wanamuziki wa nchi jirani.

Tanzania ilikuwa na bendi nyingi na nzuri, lakini haikuwa na kiwanda chake cha kuchapa santuri. Bendi zilirekodi Redio Tanzania Dar es Salaam, nyimbo zikabaki kwenye kanda za redio, zikasikika hewani hadi ng'ambo ya Kobero, kwa kuwa mawimbi ya redio hayaombi pasi. Iliyotaka santuri ilisafiri Nairobi au ilipeleka kanda huko. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Mtu anayeshangaa kwa nini wimbo fulani ulioimbwa na kila mtu miaka ile hauonekani kwenye santuri, mara nyingi jibu lake ni hilo. Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, mpiga gitaa wa Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, alikuwa na bahati ya kuwa na santuri nyingi zilizotolewa Nairobi; alifariki kwa ajali ya gari Mombasa mwezi Januari 1979, na baada ya hapo nyimbo zake zilikusanywa katika LP zilizopewa jina la Ukumbusho. Nakala za LP hizo zipo majumbani hadi leo, lakini jaribu kutafuta moja isiyo na mikwaruzo.

Sababu ya mikwaruzo ni njema: santuri zilinunuliwa ili zichezwe. Zilichezwa baa, harusini, katika mashine za kutumbukiza sarafu, kwa sindano iliyotakiwa kubadilishwa mwaka jana, katika chumba chenye vumbi la barabara. Nakala iliyohifadhiwa vizuri mara nyingi ni ile ambayo haikupendwa. Halafu kaseti ikaingia. Ilikuwa rahisi, haikuvunjika, na mtu yeyote mwenye redio ya kaseti mbili aliweza kuinakili bila kumlipa mwenyewe. Miaka ya 1980 ilipokwisha, biashara ya santuri katika Afrika Mashariki ilikuwa imekwisha nayo. Mrundi mwenzetu Khadja Nin alipotoa Sambolera mwaka 1996, na nyimbo zake za Kiswahili zikasikika Ulaya, zama zilikuwa za CD. Wengi walitoa santuri zao stoo, wakazitupa au wakawapa watoto wachezee.

Kilichofuata hakuna aliyekitarajia. Ulaya, Japani na Marekani watu walirudi kwenye santuri. Nchini Marekani, mwaka 2020 mapato ya santuri yalizidi yale ya CD kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1986. Kampuni ndogo zilianza kutoa upya muziki wa zamani wa Afrika: mfululizo wa Zanzibara wa Buda Musique ya Ufaransa ulianza mwaka 2005, Soundway ya Uingereza ilitoa Kenya Special mwaka 2013. Kila mkusanyo wa namna hiyo ukitoka, wapo wasikilizaji wanaotaka nakala ya awali ya wimbo walioupenda. Tovuti ya Discogs, iliyoanzishwa mwaka 2000, inawawezesha kuona nakala zilizouzwa na bei zake. Hivyo santuri ndogo ya benga au ya dansi iliyouzwa kwa shilingi chache Nairobi inaweza kuitishwa makumi ya dola, na chache teule mamia. Nasema chache teule kwa kusudi. Sehemu kubwa ya sanduku la mzee itabaki kuwa ya dola moja au mbili.

Burundi yenyewe ina kisa chake, na ni kisa kinachofundisha zaidi ya vyote kuhusu neno "thamani". Mwaka 1967 Mfaransa Michel Vuylstèke alirekodi muziki wa asili hapa nchini, na mwaka 1968 lebo ya Ocora, ya shirika la redio la Ufaransa, ikatoa LP yenye jina la Musique du Burundi. Ndani yake mna ngoma zetu kubwa, ingoma, zile ambazo kao lake maarufu ni Gishora karibu na Gitega na ambazo UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2014. Mwaka 1971 sauti ya ngoma zile iliwekewa vinanda na magitaa juu yake, ikatolewa kwa jina la "Burundi Black", na ikaingia katika nyimbo 40 za juu nchini Uingereza. Mwaka 1975 Joni Mitchell akaitumia rekodi ileile katika wimbo wake "The Jungle Line". Kufikia mwaka 1981 bendi za London kama Adam and the Ants na Bow Wow Wow zilikuwa zimejenga mtindo mzima juu ya mapigo hayo. Mwaka huohuo mhakiki Robert Palmer aliandika katika gazeti la New York Times kwamba wapiga ngoma wa rekodi ya awali hawakuwa na fungu katika faida hiyo.

Kwa mkusanyaji, "Burundi Black" si kitu cha ajabu. Iliuzwa sana, kwa hiyo ni rahisi. Hata LP ya Ocora imekwisha kutolewa upya kwenye CD. Lakini geuza santuri ile usikilize yasiyo ngoma. Mna akazehe, maamkizi ya wanawake yanayoimbwa, sauti zikipokezana na kuingiliana. Mna pia inanga ya kunong'ona. Mpigaji hupiga nyuzi zilizotandikwa juu ya ubao uliochimbwa, naye hasemi kwa sauti kamili bali ananong'ona. Kirundi ni lugha ya toni, na mnong'ono hauna toni, kwa sababu nyuzi za sauti za koo hazitetemeki. Basi msikilizaji anaelewaje? Uchunguzi wa kiakustika umeonyesha kwamba sikio huunganisha mnong'ono wa mtu na mlio wa nyuzi za inanga, hata msikilizaji akadhani kwamba ni sauti ya mwimbaji inayopanda na kushuka. Sijui mfano bora zaidi wa kumweleza mwanafunzi wa Kiswahili, lugha isiyo na toni, toni ni nini na inafanya kazi gani. Mfano huo umo katika santuri ambayo wengi waliinunua kwa ajili ya ngoma tu.

Hapo ndipo sababu za mwalimu zinapoachana na za mkusanyaji. Mkusanyaji anataka nakala. Mwalimu anataka kilichomo, pamoja na tarehe, mahali na jina la msemaji. Santuri ni ushahidi wa lugha wenye tarehe. Fikiria mwaka ule wa 1928. Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi mwaka uleule ambao mkutano wa Mombasa uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi mwaka 1930. Maana yake ni kwamba tunayo sauti ya Unguja kabla wasanifishaji hawajaketi. Shaaban Robert aliandika wasifu wa Siti, na wanafunzi wengi wameusoma au wamesikia habari zake. Ni wangapi wamemsikia Siti mwenyewe? Kitabu hakiwezi kutuonyesha alivyotamka gh na kh, wala ni wapi alivuta pumzi. Mwaka 2007 Maktaba ya Uingereza ilishirikiana na Topic Records kutoa mkusanyo wa muziki wa Kiswahili wa miaka ya 1920 hadi 1950, na msingi wake ni santuri za aina hii zilizohifadhiwa huko London.

Mombasa nako ni hivyohivyo. Juma Bhalo aliimba taarabu kwa Kimvita, na baadhi ya nyimbo zake zilitungwa na binamu yake Ahmad Nassir Juma Bhalo, yule mshairi wa Malenga wa Mvita (1971). Mwanafunzi wa ushairi anayehesabu mizani kwenye karatasi akisikiliza santuri ya Mzuri ataona kwamba mizani si hesabu bali ni pumzi, na kwamba kituo hakiwekwi na kalamu.

Upande wa magharibi kuna Mwenda Jean Bosco wa Katanga. Hugh Tracey alimkuta Jadotville, yaani Likasi ya leo, akamrekodi mwaka 1952, na "Masanga" ikasambaa kusini na mashariki mwa Afrika kwenye santuri za mizunguko 78. Bosco aliimba kwa Kiswahili cha Katanga. Walimu wengine hukiita Kiswahili kibovu kwa sababu hukiuka upatanisho wa ngeli na husema batoto na katoto. Tabia hiyo haitufai sisi tulio Burundi, tunaosikia mambo yanayofanana na hayo sokoni kila siku. Santuri ya mwaka 1952 inaonyesha kwamba hiki si Kiswahili kilichoharibiwa na vijana wa juzi; kilikuwa kimekwisha kupevuka na kuimbwa kwa ufasaha wake wakati babu zao wakiwa vijana.

Na kuna lebo yenyewe, kile kikaratasi cha duara katikati ya sahani. Wanafunzi wa isimu hukipita bila kukisoma. Hapo pameandikwa jina la wimbo kwa tahajia ya mchapaji, jina la mwimbaji na la bendi, aina ya muziki, na mara nyingi lugha. Tahajia hizo hazikupitia kwa mhariri wa lugha. Maneno yameunganishwa yasipounganishwa, au yametenganishwa yasipotenganishwa, na hayo ndiyo yanayotuonyesha jinsi watu wa kawaida walivyoisikia lugha yao.

Sasa mambo ya mikono. Anayetaka kujua hali ya santuri aiinamishe chini ya mwanga wa pembeni, si wa juu. Mikwaruzo ya juujuu huonekana kama nywele na haisikiki sana. Mkwaruzo unaoshikika kwa ukucha utasikika, na pengine sindano itaruka. Wanunuzi hupanga madaraja: mpya kabisa, karibu mpya, nzuri sana, nzuri, na kuendelea kushuka. Neno "nzuri" katika lugha yao lisikudanganye. Kwao santuri "nzuri" ni ile inayokwaruza wimbo mzima. Kushuka daraja moja kwaweza kukata bei kwa nusu au zaidi. Kisha soma namba. Iko namba ya orodha kwenye lebo, na iko nyingine iliyochongwa kwa mkono au kwa mashine katika sehemu laini kati ya mwisho wa wimbo na lebo. Hizo mbili ndizo zinazotofautisha toleo la kwanza na la baadaye.

Usafi una hatari zake. Santuri ya vinili hufutwa kwa kitambaa laini na maji safi yasiyo na chumvi, kwa kufuata mviringo wa mifereji. Ya mizunguko 78 isiguswe kabisa na spiriti, kwani spiriti huyeyusha shelaki, na utakuwa umefuta wimbo pamoja na uchafu. Isichezwe kwa sindano ya LP pia. Mifereji yake ni mipana, sindano nyembamba huzama chini na kukusanya kelele badala ya sauti. Santuri zote zisimamishwe wima kama vitabu, mbali na jua. Zikilazwa moja juu ya nyingine katika chumba chenye bati lisilo na dari, za vinili zitapinda.

Kuhusu kuuza, simkatazi mtu. Mwenye watoto wanaodaiwa ada ana haki ya kuuza mali yake, na mahubiri ya kuhifadhi urithi hayalipi ada. Lakini auze akiwa na macho. Mnunuzi mzoefu hupenda kununua sanduku zima kwa bei moja, kwa kuwa anajua mbili zilizomo zitarudisha fedha yote na nyingine ni za bure. Zitandazwe, zisomwe lebo, ziandikwe, bei zake ziulizwe, ndipo mazungumzo yaanze. Na kabla hazijaondoka, zinakiliwe. Wahifadhi wa sauti hutumia kiwango cha biti 24 na kilohezi 96, lakini kama kilichopo ni simu iliyowekwa karibu na spika katika chumba kimya, hiyo ni bora kuliko kukosa. Nakala hiyo ni ya kusikilizia darasani na kufanyia utafiti. Kuichapa na kuiuza ni jambo jingine, linalohitaji idhini ya wenye haki.

Kwa mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu, kazi ya kuanzia haihitaji fedha. Likizo ijayo aketi na mwenye sanduku. Apige picha lebo za pande zote mbili na namba zilizochongwa, kisha aulize: ilinunuliwa wapi, mwaka gani, nani aliyeileta, ilichezwa katika sherehe gani, na maneno gani ya wimbo hayatumiki tena. Majibu ayaandike yalivyosemwa, bila kuyasanifisha. Mnunuzi wa Ulaya ataweza kuipata namba ya orodha hata miaka ishirini ijayo. Hayo mengine yamo kichwani mwa mwenye sanduku tu.